Upepo wa Ziwa Una Saa Zake



Leo tuzungumze juu ya upepo. Upepo tunaujua sote. Lakini tujiulize: kwa nini mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani?

Sababu ni joto. Jua likiwaka, ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi huwa nyepesi, hupanda. Hewa baridi ya ziwani huja kushika nafasi yake. Huo ndio upepo unaotupuliza mchana hapa Mwanza. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, lakini maji hukaa na joto lake. Basi hewa ya nchi kavu ndiyo inayokwenda ziwani.

Sasa fikirini. Ziwa Victoria limezungukwa na nchi kavu pande zote. Usiku hewa hutoka Mwanza, Mara na Kagera, hutoka Kenya na Uganda, yote inakwenda ziwani. Ikikutana huko haina pa kwenda ila juu. Hupanda pamoja na mvuke mwingi, hufanya mawingu mazito, halafu radi, mvua na upepo wa ghafla. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani huja usiku mpaka asubuhi, hasa wakati wa masika na vuli. Jioni unaweza kuliona ziwa shwari kabisa, na saa nane za usiku likachafuka.

Na sisi dagaa tunawavua lini? Usiku, tena usiku wa giza, kwa taa. Saa za dagaa na saa za dhoruba ni zile zile! Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kila mwaka katika ziwa hili kwa ajali. Hao ni baba zetu, kaka zetu na watoto wetu.

Tufanye nini? Tusikilize utabiri kabla ya kushusha mtumbwi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa Kiswahili, nao husomwa redioni na hupatikana kwenye simu. Yafaa tujue maneno yake.

Wakisema "upepo wa kusini-mashariki", maana yake upepo unatoka huko, siyo unakwenda huko. Wakisema upepo wa kilomita 40 kwa saa, huo unakimbia kama gari mjini. Wakisema mawimbi ya mita 2, hayo yanampita mtu mrefu aliyesimama. Mtumbwi wako utaweza?

Tena kuna rangi. Njano ni angalizo. Rangi ya machungwa ni tahadhari. Nyekundu ni tahadhari kubwa.

Wazee nao walitufundisha kutazama mawingu na umeme wa mbali. Tusiache. Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini ukiwa katikati ya ziwa, wingu ukiliona limekwisha fika. Utabiri hukuambia ungali mwaloni.

Jambo la mwisho. Mara nyingine mvuvi anaujua utabiri, lakini anaogopa tajiri mwenye mtumbwi asije akampa kazi mtu mwingine. Hili haliwezi kumalizwa na mvuvi mmoja. BMU ya kila mwalo ikae na matajiri, wakubaliane: siku ya tahadhari hakuna chombo kinachotoka, na hakuna anayefukuzwa. Utabiri uandikwe kila jioni kwenye ubao pale mwaloni. Ninyi mliojifunza kusoma, wasomeeni wenzenu.

Na wanaotoka wavae maboya, wasiyakalie.

Dagaa wa leo wakikosekana, kesho wapo. Mtu akizama harudi.