Mwongozo wa Tiba Uwe Karibu na Mgonjwa



Mtoto wa miezi 14 analetwa zahanati akikohoa. Tabibu anamhesabia pumzi: 46 kwa dakika. Je, ana nimonia? Shirika la Afya Duniani limekwisha kulijibu swali hilo. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza miezi 12, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa mwenye umri wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano, ni 40 au zaidi. Basi mtoto huyo anastahili dawa ya nimonia. Lakini tabibu akisoma mstari wa juu badala ya ule wa chini, atamrudisha nyumbani bila dawa.

Hapo ndipo lilipo suala la miongozo ya tiba iliyowekwa kwenye mtandao. Wengi hudhani kwamba waraka ukishafika mtandaoni kazi imekwisha. Haikwisha. Mwongozo wa taifa wa matibabu wa Tanzania, toleo la mwaka 2021, ni kitabu cha mamia ya kurasa, tena kwa Kiingereza. Tabibu akitafuta humo neno lenye maana ya homa, litamjia katika malaria, katika kifua, katika mkojo, na kwingineko kwingi. Kitabu kimepangwa kwa majina ya magonjwa, ilhali mgonjwa huja na dalili. Aliyekiandika anajua sura ya kufungua. Anayetafuta angelijua jina la ugonjwa, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha. Mtumishi yeyote aliyewahi kusaka kifungu kimoja katika kanuni za utumishi anaifahamu adha hiyo, ingawa yeye hakuwa na mtoto anayehema mbele yake.

Asidhani mtu kwamba huu ni unyonge wa nchi maskini. Katika jimbo la Iowa, Marekani, watafiti walichunguza maswali ya madaktari 103 wa familia, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Madaktari hao waliuliza maswali 1,101 kuhusu wagonjwa wao. Asilimia 64 ya maswali hayo hayakutafutiwa jibu papo hapo. Yaliyotafutiwa yalipewa, kwa wastani, muda usiofika dakika mbili. Hizo zilikuwa siku za vitabu vya kabatini, lakini dakika za daktari bado ni chache.

Ipo njia nyingine, nayo imejaribiwa Tanzania. Programu ya simu iitwayo ALMANACH haimwachii tabibu kazi ya kutafuta, bali humwuliza hatua kwa hatua: umri, joto, idadi ya pumzi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba asilimia 97 ya watoto walikuwa wamepona siku ya saba, dhidi ya 92 waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Viuavijasumu viliandikiwa watoto 15 katika kila 100, badala ya 84.

Hata hivyo programu hiyo ni ya watoto wagonjwa tu. Mjamzito mwenye shinikizo la damu hamo humo, na tabibu wake atarudi kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa hiyo kabla toleo jingine la mwongozo halijatolewa, waandishi wake wakae siku moja zahanati, nyuma ya foleni ya asubuhi, wamtazame tabibu akitafuta jibu katika simu yake, saa ikiwa mkononi mwao.