Ordinatere zetu zibaki masomoni

Maneno ya kikundi cha elimu mbele ya mkutano mkuu wa chama, Bukavu



Mlitupa dakika kumi na tano, tutajaribu tusizipite. Tunajua kitu gani kiko mezani. Kuna pendekezo la kuondoa zile ordinatere sita pale masomoni Kadutu, zije hapa kwenye nyumba ya chama, tufungue sekretaria ya kuandika barua na kutoa fotokopi, na faida iingie kwenye kasha la wagonjwa. Sisi tunaofundisha siku ya posho hatukuja kusema pendekezo hilo ni baya. Mwezi wa tatu, tulipokosa pesa ya kumtoa mama wetu mmoja hospitalini, sisi pia tulikaa kwenye mabenchi haya haya tukiinamisha vichwa. Tunataka tu mjue kazi gani inafanyika na zile mashine, na kazi gani haikufanyika, kisha mkate shauri.

Na kwanza tuseme ukweli: si sita tena. Moja ilinyeshewa na mvua mwezi wa kumi na moja, bati lilikuwa na tundu juu yake na hatukuangalia. Haijawaka tangu siku hiyo. Zinazofanya kazi ni tano.

Kosa la pili ni letu pia. Miezi mitatu ya kwanza tulifundisha vibaya. Mnajua kwamba tangu programu za sayansi zilipobadilishwa, watoto wa darasa la saba na la nane la elimu ya msingi wana somo linalounganisha fizikia, teknolojia na hizi TIC. Kwenye karatasi, mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu anapaswa kujua kuwasha mashine, kuandika, kupanga hesabu kwenye jedwali. Lakini masomo ngapi zina mashine? Mwalimu anachora klavie ubaoni kwa chaki, watoto wanainakili, na siku ya interro wanaulizwa: « Clavier ni nini? » Mtoto anapata nane juu ya kumi na hajagusa hata kitufe kimoja. Hatuwacheki wale walimu. Tangu 2019 serikali ilitangaza masomo ya bure, lakini ni kwa shule za msingi. Kwenye sekondari ni sisi wazazi tunaolipa, na mnajua vile tunalipa.

Sasa sisi tulikuwa na mashine, na tulifanya vile vile! Tuliogopa watoto wataziharibu. Tuliziweka mezani, zimefunikwa na kitenge, halafu tukasomesha maana ya prosesa, maana ya memori, andikeni, andikeni. Mpaka posho moja kijana wa nyuma akanyoosha mkono: « Malimu, tutaiwasha lini? » Darasa lote likacheka. Sisi hatukucheka. Posho iliyofuata tuliondoa kitenge.

Hapo ndipo tulikutana na shida ya umeme. Sisi watu wa Bukavu tunaishi pale pale mto Ruzizi unapotoka ziwani. Kuna mtambo wa umeme kwenye mto huo tangu miaka ya 1950, na ule wa pili, Ruzizi II, tangu 1989, unaogawa umeme kwa nchi tatu. Lakini posho asubuhi, Kadutu, giza. Ndiyo maana mlikubali tununue paneli na beteri, na tunawashukuru. Hesabu yake ni hii, kwa sababu wengine wanauliza mbona hatufundishi siku nzima. Beteri yetu ni ya volti 12 na ampea 100 kwa saa, ni kusema wati 1200 kwa saa moja ikiwa imejaa. Haifai kuimaliza yote, itakufa haraka. Tunatumia nusu, 600. Ordinatere moja inakula karibu wati 50. Zikiwa tano ni 250. Kwa hiyo tuna saa mbili na dakika chache, na kama mawingu yalikaa wiki nzima juu ya ziwa, hata hizo hazifiki. Tunagawa watoto kwa vikundi, watatu au wanne mbele ya mashine moja, kila mmoja dakika kumi na tano mkono kwenye klavie. Wanaongoja wanasoma mpangilio ubaoni. Si kitu kikubwa. Lakini wanashika.

Sasa tuzungumze juu ya klavie, kwa sababu hapo ndipo tulijifunza kitu juu ya sisi wenyewe.

Tulirudi kwa njia tofauti. Kuna waliotoka Nyarugusu wakapanda mashua toka Kigoma hadi Baraka, kuanzia 2005. Kuna waliotoka Burundi. Kuna waliokuwa Nakivale kule Uganda, au Kakuma. Watoto wa Nyarugusu walisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Wachache wao walishika tablet mara ya kwanza kule, kwenye madarasa ya Vodafone Foundation na UNHCR, mpango ulioanza 2013. Watoto wa Nakivale walisoma kwa Kiingereza. Mmoja wao, msichana, alifika darasani kwetu akisema anajua kuandika bila kuangalia vidole. Na kweli alikuwa anajua. Tukamwambia aandike neno « Amani » mbele ya wenzake. Akaandika haraka, kichwa juu, na kwenye ekrani ikatokea: Q,qni.

Watoto walicheka mpaka wakapiga meza. Yule msichana alitoka nje na hakurudi kwa posho mbili. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba Uganda walimdanganya, kwamba hajui kitu. Mama yake akaja kutuona, na tulipata haya, maana ni sisi tungepaswa kujua. Klavie za Uganda na Kenya zinaanza na Q-W-E-R-T-Y. Zetu za Kifaransa zinaanza na A-Z-E-R-T-Y. A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, M imehamia kando ya L, na hata kuandika namba 1 ni lazima ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Vidole vyake havikukosea hata mara moja. Vilikuwa vinaandika sawasawa kwenye klavie ya nchi ingine.

Na dawa ilikuwepo ndani ya mashine, bila kulipa hata franka. Katika mipangilio ya Windows unaongeza klavie ya pili, halafu unabonyeza Alt na Shift pamoja, inageuka. Tulimwita arudi, tukamwonyesha, na ni yeye aliyewaonyesha wenzake. Leo anaandika kwa zote mbili. Wale wa hapa hapa Bukavu, ambao hawajawahi kutoka, wanamwomba awafundishe ile ya Kiingereza. Wazazi wangapi kati yetu walisikia mtoto wao akiitwa « mtu wa kambi » kwenye kiwanja cha masomo? Basi.

Kuhusu lugha, tunafundisha kwa Kiswahili, na maneno ya Kifaransa tunayaacha vile yako kwenye ekrani, kwa sababu kwenye mtihani watayakuta vile. « Enregistrer » tunasema: weka ndani ya kasha, usiondoke kabla ya kufunga kasha. Mtoto wa mweka-hazina hawezi kuisahau hiyo. Juu ya jina la mashine yenyewe tulishindwa kupatana: wa Bukavu wanasema ordinatere, wa Tanzania kompyuta, na mmoja aliyesoma Kenya anashikilia tarakilishi kama vile ni jina la ukoo wake. Tumeyaacha yote matatu. Tumetia pia Wikipedia ya Kifaransa ndani ya mashine kwa njia ya programu ya Kiwix, inasomeka bila intaneti, kwa hiyo hatununui mega.

Sasa jambo lililotufanya tuombe kusema leo.

Mwezi wa tano mama mmoja wa chama alipata ujumbe kwenye WhatsApp. Ulikuwa na alama ya UNHCR juu, rangi ya bluu, muhuri, kila kitu. Ulisema: wote walioandikwa zamani kwenye kambi za Tanzania wamechaguliwa kwenda Kanada, tuma dola 50 kwa namba hii kwa ajili ya dosie. Alituma. Baada ya siku nne wakaomba dola 120 za visa. Alikuwa anakwenda kuuza cherehani yake. Usiku huo akampa binti yake telefone amsomee ujumbe vizuri, na binti, ambaye yuko darasa la nane na anakuja kwetu posho, akamwambia: « Mama, hii iko bubeshi. »

Alijua kwa sababu gani? Kwa sababu ya posho mbili tulizotumia juu ya maswali manne tu. Nani anatuma? Namba ni ya nani? Anaomba pesa? Link inaelekea wapi kweli, ukiisoma herufi kwa herufi? Na tuliwaambia jambo ambalo UNHCR yenyewe inalisema kila mara: huduma zake ni za bure, hata kupelekwa nchi ya tatu. Tena kupelekwa huko ni kwa mkimbizi aliye nje ya nchi yake. Sisi tumesharudi kwetu. Hakuna orodha ya Kanada inayotutafuta hapa Bukavu.

Cherehani iko nyumbani bado. Mama alitupa ruhusa ya kusema habari hii bila jina lake. Tulipouliza pole pole kati ya wamemba, watatu wengine walikubali kwamba nao walituma. Tunadhani kuna walionyamaza, na hatuwalaumu, mtu aliyeishi kambini miaka kumi na mbili akisubiri jina lake lisomwe ubaoni, akiona jina lake limesomwa, atafanya nini? Lakini tukijumlisha pesa za wale wanne peke yao, zinapita deni lile lililomzuia mama yetu hospitalini mwezi wa tatu.

Ndiyo maana tunaomba mashine zibaki masomoni. Kuhusu sekretaria: tulitembea toka soko la Kadutu mpaka Place de l'Indépendance tukihesabu zile zilizopo, tukaacha kuhesabu kabla ya kufika. Wino ni ghali, imprimante hatuna, na beteri yetu ya saa mbili haiwezi kushindana na mtu mwenye grupe. Tunaona kasha litapata kidogo sana na watoto watakosa yote.

Lakini hatutaki kuja mikono mitupu. Wale wanafunzi wakubwa saba wanaoandika vizuri wamekubali, posho baada ya somo, kuandika barua za kuomba kazi, CV na barua za utawala kwa wamemba na majirani, kwa bei ndogo. Pesa itaingia kasha la wagonjwa, na mweka-hazina ataiandika mbele ya watu wawili. Haitakuwa nyingi. Na mzazi yeyote aliyepata ujumbe asiouelewa aje nao, hatumlipishi.

Mkisema hapana, tutaleta mashine hapa wiki ijayo na hatutanung'unika. Mkisema ndiyo, somo ni posho saa mbili na nusu, ufunguo uko kwa prefe. Tena tunatafuta mtu anayejua beteri, maji yake yameshuka na sisi tunaogopa kuifungua.