Daktari Anapobadilisha Dawa ya Skizofrenia

  Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimefanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili. Leo tuzungumze juu ya jambo moja: utafanya nini daktari anapobadilisha dawa ya mtu wako mwenye skizofrenia, ule ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, au aamini kwamba majirani wanamwinda.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja alikuwa akimleta mwanawe kliniki kila mwezi. Kijana huyo alikuwa fundi wa cherehani. Kwa miaka mitatu alikuwa akimeza klopromazini, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Largactil, na zile sauti zilikuwa zimenyamaza. Lakini dawa ilimlaza mno. Alisinzia juu ya cherehani, na siku moja sindano ikampenya kidole. Akaacha kushona. Daktari alimsikiliza, akaona malalamiko yake ni ya haki, akamwandikia dawa nyingine, risperidoni. Maagizo yalikuwa kwenye karatasi: dawa mpya ianze kidogo, na ile ya zamani ipunguzwe polepole kwa majuma kadhaa. Foleni siku ile ilikuwa ndefu. Nilimpa mama vifuko vya dawa nikamwambia, "Mama, dawa ya kijana imebadilishwa." Nikamwita mwingine.

Mama alipofika nyumbani akaitupa ile ya zamani chooni jioni hiyo hiyo. Kwani mimi nilimwambia nini? Imebadilishwa. Siku ya nne kijana hakupata usingizi, akatapika, akatokwa na jasho shati likalowa. Mama akasema dawa hii mpya ni sumu, akaificha juu ya kabati. Sasa mtoto hakuwa na dawa yoyote. Juma la tatu alitoka alfajiri bila viatu, akaonekana katika soko la mji wa pili akijaribu milango ya maduka, akimtafuta mtu aliyekuwa akimwita. Watu wakadhani ni mwizi. Waliomwokoa walimkuta mkono umevunjika.

Mkono ulipona. Lakini tangu siku ile simpi mama yeyote dawa mpya kabla ya yeye kunieleza, kwa maneno yake, atafanya nini na ile ya zamani. Nawe fanya hivyo hivyo hata kama muuguzi ana haraka. Usiondoke dirishani. Uliza: "Hii ya zamani naiacha leo, au naipunguza? Naipunguza vipi? Mwisho wake ni lini?" Akikutazama vibaya, uliza tena.

Fikiria familia inayojenga nyumba mpya kiwanjani. Huibomoi ya zamani kabla ya mpya kuezekwa. Kwa muda mnakuwa na nyumba mbili, na ni kero, lakini mvua haiwanyeshei. Ndivyo dawa hizi zinavyobadilishwa mara nyingi. Mpya hupanda kidogo kidogo huku ya zamani ikishuka, na kazi hiyo huchukua majuma, pengine miezi. Katika siku hizo za dawa mbili mgonjwa anaweza kuwa mzito zaidi au kizunguzungu kikamshika akiinuka ghafla. Ziko nyakati daktari huikata ya zamani mara moja, kwa mfano ikiwa imeleta madhara makubwa. Huo ni uamuzi wake, si wetu wa nyumbani.

Mwili uliozoea dawa kwa miaka hulalamika ukinyang'anywa ghafla. Kule kutapika, jasho na kukosa usingizi kulikompata yule kijana kulitokana na kuondolewa ile ya zamani kwa ghafla, wala si sumu ya mpya. Hata zile tembe za kuzuia kutetemeka, ambazo nyinyi mnaziita Artane, haziachwi siku moja na dawa kuu. Kwa kawaida hubaki kwa muda, kisha zikapunguzwa nazo.

Kwa nini dawa ibadilishwe? Wakati mwingine ni madhara, kama ya fundi wetu. Wakati mwingine ni kwamba sauti hazijanyamaza. Hapa naomba tuwe wakweli. Dawa hupewa muda, kwa kawaida majuma 4 hadi 6 kwa kipimo kinachofaa, kabla ya kusema imeshindwa. Na je, ilimezwa? Kina mama wameniletea tembe walizozikuta chini ya godoro, ndani ya soksi, hata kwenye chungu cha maua. Ukizikuta usimgombeze. Zilete kliniki, kwa maana daktari asiyejua jambo hilo atatupa dawa nzuri isiyo na kosa. Mweleze pia habari za miraa, muguka na bangi. Hakuna dawa inayoweza kushindana na hayo kila jioni.

Jambo lingine dogo linalowasumbua wengi: mwezi uliopita tembe zilikuwa nyeupe, mwezi huu ni za rangi nyingine. Huenda dawa haijabadilika, ila kiwanda ndicho kimebadilika. Soma jina, au msomeshe mtoto wa shule, ulinganishe na kadi. Likiwa tofauti, rudi ukaulize kabla hajameza.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hili ndilo linalowadanganya hata wahudumu wa afya. Siku au majuma machache baada ya kuanza dawa mpya, au kipimo kuongezwa, mgonjwa anaweza kuanza kutotulia. Anakaa, anainuka, anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, anahamisha uzito mguu huu hadi mguu huu, usiku kucha. Watu wa nyumbani husema, "Amezidi." Wanaenda hospitali kuomba dawa iongezwe, inaongezwa, naye anazidi kweli. Kumbe ni dawa yenyewe inayomchoma mwilini. Muulize kwa upole: "Ni mawazo yanayokusukuma, au ni miguu yenyewe?" Wengi watakujibu waziwazi kwamba ni miguu, kwamba ndani ya mwili kuna kitu hakiwaachi wakae. Mwambie daktari maneno hayo hayo. Hali hii humtesa mtu hata akatamani kufa, kwa hiyo usingoje tarehe ya kliniki, na usimwache peke yake.

Ipo pia ile ya shingo kupinda, macho kugeukia juu na taya kukaza, hasa siku za kwanza, na hasa kwa vijana wa kiume wanaotumia haloperidoli. Inatisha sana. Jirani atakuambia ni majini. Mpeleke hospitali na kifuko cha dawa mkononi. Mara nyingi sindano moja humfungua kwa muda mfupi tu.

Na homa. Kwetu homa ikipanda tunasema malaria. Mpime malaria, naam. Lakini homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa, kwa mtu anayemeza dawa hizi, inaweza kuwa hatari nyingine, ya nadra lakini inayoua. Mtaje dawa zake mara tu mnapoingia mlangoni.

Wengine wenu wagonjwa wenu wako kwa sindano ya mwezi, ile ya Modecate. Sindano hiyo huondoka mwilini polepole sana. Mtu akiikosa, mwezi wa kwanza yuko sawa, wa pili yuko sawa, na watu wanasema alikuwa amepona kitambo, tulikuwa tunampotezea nauli bure. Kisha ugonjwa unarudi wakati hakuna tena anayekumbuka sindano. Kwa sababu hiyo hiyo, akihamishwa kutoka sindano hadi tembe, usihesabu salama yako kwa mwezi wa kwanza. Endelea kumwangalia.

Kina dada, hili ni lenu. Baadhi ya dawa, kama haloperidoli na risperidoni, huweza kusimamisha hedhi, hata maziwa yakatoka kwa mwanamke asiyenyonyesha. Akibadilishiwa dawa, hedhi inaweza kurudi, na uwezo wa kushika mimba ukarudi nayo, pengine kabla hata hajaiona hedhi yenyewe. Nimewaona walioshtuka. Basi siku dawa inapobadilishwa, ndiyo siku ya kuzungumza juu ya mpango wa uzazi. Na aliye mjamzito au anayenyonyesha asiache dawa kwa hofu. Aje kwanza tuzungumze.

Olanzapini hufungua hamu ya kula. Mpime uzito siku ya kuanza, umpime tena kila mwezi, na sukari ya damu ipimwe. Akivuta sigara, sema. Moshi hufanya mwili uiondoe dawa hii haraka, na akiacha kuvuta ghafla dawa humzidi.

Iwapo dawa mbili zimejaribiwa vizuri na zimeshindwa, daktari anaweza kutaja klozapini. Ni dawa yenye nguvu kuliko nyingine kwa wagonjwa wa namna hiyo, na ina masharti. Inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mwaka 1975 huko Ufini watu walikufa kwa jambo hilo, na nchi nyingi zikaiacha kwa miaka, mpaka ilipoonekana kwamba kwa kupima damu mara kwa mara inaweza kutumika. Kwa kawaida damu hupimwa kila wiki kwa majuma 18 ya kwanza. Kabla ya kukubali, uliza kama maabara iliyo karibu nawe inaweza kupima, na nauli itatoka wapi. Si aibu kuuliza. Akiwa na homa au koo linauma, nenda siku hiyo hiyo. Asipopata choo kwa siku kadhaa, nenda pia, maana tumbo kufunga kwa dawa hii si mchezo. Na akikosa kuimeza kwa zaidi ya siku mbili, usimpe tena kipimo kile kile. Mpigie daktari, kwa sababu huanzishwa upya kutoka chini.

Ukiweza, chagueni wakati. Kama kuna matanga nyumbani, au mtihani, au mnahama, mwambie daktari. Huenda kubadilisha kukangoja mwezi mmoja. Ikiwa anafunga Ramadhani, lijadilini mapema saa za kumeza.

Yule mama niliyewaambia tulijaribu naye tena baadaye. Kijana alikuwa amerudishwa kwenye dawa yake ya zamani, na safari hii kuhama kulichukua miezi miwili. Mama alinunua daftari la shule. Kila jioni aliandika mistari minne: amelala saa ngapi, amekula, amemeza nini, amesema nini kisicho cha kawaida. Juma la tano aliandika, "Hakula ugali, ananusa mboga." Yeye alijua dalili hiyo. Mara zote ugonjwa ulipokuwa unarudi, mwanawe alianza kwa kukishuku chakula. Alikuja kliniki kesho yake, daktari akasimamisha kupunguza dawa ya zamani kwa majuma mawili, kisha tukaendelea. Leo kijana anashona sare za shule, ingawa mama yake anasema kola bado zinamshinda.

Wewe nawe unazijua dalili za mtu wako kuliko sisi. Yuko anayeanza kwa kukosa usingizi, yuko anayeacha kuoga, yuko anayefunika kioo kwa shuka. Ziandike ukurasa wa kwanza wa daftari kabla dawa haijabadilishwa, pamoja na namba ya simu ya kliniki. Dawa zinazobaki usizitupe chooni wala usimpe jirani mwenye mgonjwa kama wako. Zirudishe kwetu.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya usingizi wa wewe unayemlea mgonjwa. Kwaheri ya kuonana.