Hotuba kwa Wazazi na Vijana wa Naitiri juu ya Ulevi



Twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona jikoni kuliko kulitamka mkutanoni, nalo ni ulevi wa vijana wetu.

Busaa si ngeni kwetu. Wazee wa Kibukusu waliketi kukizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na chungu kile kilikuwa na adabu zake. Chang'aa haina mzee wa kuilinda. Huuzwa kwa kikombe, kwa ye yote mwenye fedha. Tena kila Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara, vijana hukesha wakiimba na kuwasindikiza wanaotahiriwa, na katika usiku huo wengine huonja kwa mara ya kwanza.

Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980. Sheria ya mwaka 2010 iliiruhusu kwa leseni tu, itiwe katika chupa, na ikakataza kumwuzia pombe mtu asiyetimiza miaka 18. Ile ipikwayo kando ya mto haina leseni wala mkaguzi. Mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu mia moja walikufa Nairobi kwa kunywa pombe haramu, na wengine wakapofuka. Sababu ilikuwa methanoli, spiriti ya viwandani, ambayo mwilini hugeuka asidi na kuharibu mshipa wa jicho. Mnywaji hawezi kuitambua kwa kuonja. Basi mtu akinywa kisha macho yakaingia ukungu, asilazwe nyumbani apumzike. Apelekwe hospitali mara moja.

Bangi nayo imekatazwa na sheria ya mwaka 1994, lakini vijana husema ni jani tu. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hata karibu na miaka 25. Anayeivuta angali mwanafunzi hudhoofisha kumbukumbu yake, na wengine hupatwa na wazimu.

Sasa tufanyeje? Kuwatisha vijana peke yake hakutoshi. Mwaka 2018, Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani walitoa viwango vya kuzuia matumizi ya madawa ya kulevya, navyo vyaonyesha kwamba hotuba za kutia hofu hazina faida kubwa. Lifaalo ni mzazi ajuaye mwanawe yuko wapi na yuko na nani, na mafunzo ya shuleni ambayo kijana hujizoeza humo kumkatalia mwenzake bila kuona haya. Kwa hiyo hata hotuba hii haitafaa kitu ikiwa mazungumzo yatakoma hapa.

Tena tuseme kweli. Miongoni mwa wapishi wa chang'aa wamo mama ambao karo ya watoto wao hutoka katika pipa lile. Karo ya mtoto wa huyu hulipwa kwa akili ya mtoto wa yule. Lakini kulivunja pipa bila kumtafutia mama riziki nyingine ni kulihamisha tu toka kichaka hiki hata kile. Twaomba vikundi vya akiba viwape mama hao nafasi ya mbele katika mikopo, wapate kufuga kuku au kuuza maziwa na mboga.

Na kwa waliokwisha kunaswa, mficha maradhi kifo humuumbua. Mlevi wa siku nyingi asifungiwe chumbani ili aache kwa ghafula, maana mwili uliozoea pombe huweza kupatwa na kifafa na hata kifo. Apelekwe kwa daktari. Mamlaka ya NACADA ina simu ya bure, nambari 1192, ya kuomba shauri.

Neno la mwisho ni juu ya msimu wa tohara ujao. Twaomba kila boma litakalokuwa na sherehe liwapikie vijana chai na uji, na limweke mzee mmoja wa kukesha nao mpaka alfajiri. Jambo hili halihitaji fedha za Serikali. Lahitaji mzee mmoja akubali kukosa usingizi.