Damu ya kukimbia na kiwanja cha kukimbilia

Jumamosi iliyopita nilikuwa Maili Moja, Kibaha, nimeketi barazani na mzee mmoja tukinywa kahawa. Mjukuu wake wa miaka kumi alikuwa amejilaza mkekani tangu asubuhi, simu mkononi. Mzee akatikisa kichwa: "Huyu ni mvivu wa damu. Kamrithi babu yake mzaa mama." Mtoto akajibu bila kuinua macho: "Sasa babu, nikacheze wapi?"

Tukacheka. Lakini njia nzima ya kurudi Dar es Salaam maneno yale hayakunitoka. Je, uvivu hurithiwa? Na kama hurithiwa, swali la mtoto lina maana yoyote?

Swali la kwanza limepata jibu kutoka kwa panya, tena hawa wadogo wa majumbani, si panya buku. Mwaka 1993, huko Wisconsin, Marekani, mtaalamu Theodore Garland alichukua panya 224 na kuanza nao kazi ambayo imeendelea kwa miaka mingi. Kila panya aliwekewa gurudumu. Akitaka, aingie akimbie, asipotaka, akae. Hakuna wa kumswaga wala wa kumpa chakula kama ujira.

Panya wale waligawanywa katika koo nane. Katika koo nne, waliokimbia zaidi ndio waliochaguliwa kuzaa. Katika nyingine nne, wazazi walichaguliwa bila kujali mbio zao. Baada ya vizazi kama 16, panya wa koo za wakimbiaji walikuwa wakikimbia karibu mara tatu ya wenzao kwa siku, hasa kwa kuongeza kasi. Basi hamu ya kujishughulisha, nayo imo katika jeni, yaani chembe za urithi, kama ilivyo rangi ya manyoya.

Tena hamu hiyo imekaa ubongoni. Mwaka 2003 watafiti waliwazuia wakimbiaji hao wasiingie kwenye magurudumu yao, kisha wakachunguza bongo zao. Walikuta sehemu zinazohusika na uchu zimechangamka, kama za mtu aliyenyimwa kitu alichokizoea mno.

Kwa binadamu je? Mwaka 2006 ulitolewa utafiti wa jozi 37,051 za mapacha kutoka nchi saba. Ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya wanaofanya mazoezi na wasiofanya hutokana na urithi. Katika nchi nyingi ilizidi nusu. Lakini nchi hizo zilikuwa sita za Ulaya, na Australia. Ni nchi ambazo mtu akitaka kukimbia, aghalabu anapo pa kukimbilia.

Hapo mzee wangu wa Maili Moja asije akashangilia mapema. Kwanza, hata wale panya wa koo za kawaida hawakukaa bure. Nao walikimbia kila usiku. Pili, mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walieleza jinsi walivyoacha gurudumu nje, bustanini na kwenye matuta ya mchanga. Panya wa porini, wasiofugwa na mtu, walikuja wenyewe, wakapanda na kukimbia. Urithi huamua nani atakimbia zaidi. Lakini bila gurudumu, bingwa na goigoi wote wamekaa.

Pale pale Kibaha, eneo la Mkuza, ipo shule yenye jina la Filbert Bayi. Kwa vijana wasiomjua: tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania huyu aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Tunapenda kusema watu wa kwao Karatu wamezaliwa na mbio. Huenda lipo la kweli humo. Lakini ni wangapi wenye damu kama hiyo wamelala mikekani leo, wala hatutawajua kamwe?

Nenda Kisarawe. Upo uwanja mmoja ambao kila nikipita jioni nilikuwa nikikuta watoto wakicheza chandimu. Mara ya mwisho nilikuta mawe ya mipaka na msingi wa nyumba. Mji unakua, na watu wanahitaji nyumba, hilo silipingi. Lakini kila kiwanja kinachouzwa kizima kizima, pasibakizwe hata pembe ya kuchezea, ni gurudumu limeng'olewa. Kesho tutawaita watoto hao wavivu, na kesho kutwa tutawapeleka kliniki ya kisukari na shinikizo la damu.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Sawa. Lakini hata nyoka anahitaji nyasi za kupita. Wazazi, walimu, wenyeviti wa mitaa: damu hatuwezi kuichagua. Kiwanja tunaweza.

Ama wewe mzee wangu, mjukuu wako alikuuliza swali. Bado hujamjibu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.