Riziki Nyingi, Chemchemi Moja: Safari ya Uchumi wa Baray na Bonde la Eyasi



Historia ya usharika haikamiliki pasipo historia ya riziki ya watu wake. Sadaka, karo za watoto na mabati ya nyumba za ibada hutoka katika kile ambacho ardhi imewapa watu kwa jasho lao. Kwa hiyo katika jubilei ya miaka mia inafaa kuuliza: watu wa bonde hili wameishije, na riziki yao imebadilikaje?

Wengi huueleza uchumi kama ngazi. Kwanza mwanadamu aliwinda, kisha akafuga, kisha akalima, hatimaye akafanya biashara. Na kila alipopanda daraja moja, lile la chini liliachwa. Bonde la Eyasi linatoa ushuhuda tofauti. Hapa riziki mpya haikuifuta ile ya zamani, bali ilikuja ikaketi kando yake.

Hata biashara si ngeni. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, ambalo watafiti wa Kijerumani walilichimba katika miaka ya 1930, yamepatikana masalia ya watu walioishi hapo makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Miongoni mwake ni vipande vya jiwe jeusi la volkano, linalong'aa kama kioo, ambavyo asili yake ni nchi ya Naivasha huko Kenya, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Kabla ya jembe la kwanza kushika udongo huu, vitu vya thamani vilikuwa vikipita mkono hadi mkono.

Wahadzabe, ambao idadi yao leo ni kama elfu moja na mia kadhaa, waliendelea na asali, mizizi, matunda ya mbuyu na nyama ya porini. Wadatoga, ambao Wamasai waliwaondoa katika Kreta ya Ngorongoro katika karne ya 19, walishika ng'ombe. Na mafundi chuma wao wakawafulia Wahadzabe vichwa vya mishale, wakipokea asali na mazao mengine ya porini. Wairaqw walitoka katika milima ya Mbulu, wakiwa na ujuzi wa kulima miteremko na kurutubisha shamba kwa samadi, wakaenea Karatu hasa katika karne ya 20. Kila jamii ilikuwa na kazi yake, na kila moja ilihitaji kazi ya mwenzake.

Wakati wa ukoloni, walowezi, wengi wao Wajerumani, walifungua mashamba ya kahawa Oldeani na Karatu. Kwa njia hiyo kibarua na mshahara viliingia katika hesabu ya kaya. Huko juu ngano na mahindi vilistawi. Huku chini, kwenye joto na mvua chache, jambo jingine lilikuwa likisubiri, nalo ni maji ya chemchemi.

Kitunguu ndicho kilicholitangaza bonde hili. Mbegu husiwa kitaluni, miche huhamishiwa kwenye majaruba, na maji huletwa kwa mifereji kwa zamu. Kwa kuwa mkulima hategemei mvua peke yake, huweza kuvuna wakati ambao sehemu nyingine hazina mazao. Soko lilipofunguliwa baada ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980, vitunguu vya Mang'ola na Baray vilifika Arusha, Dar es Salaam na Nairobi. Nyuma ya kitunguu zikaja kazi nyingine: vibarua wa kupanda na kung'oa, wenye malori, mafundi wa mashine za kusukuma maji, wauza pembejeo, mama lishe na madalali. Ikaja pia lumbesa, gunia lililotuna kupita kiasi, ingawa sheria ya vipimo inaweka kikomo cha kilo 100. Na mkulima akajifunza kwamba mavuno mengi si lazima yawe mapato mengi.

Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliufanya mji wa Karatu kuwa mji wa hoteli, na wageni wakashuka mpaka Eyasi. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipozuia safari za wageni, ilionekana wazi kwa nini si vyema nyumba nzima kuegemea nguzo moja. Penye mgeni asiyekuja palihitajika mbuzi zizini na jaruba la kitunguu.

Hata hivyo, wapendwa, lipo swali ambalo wingi wa riziki unaweza kulificha. Mkulima wa kitunguu, ng'ombe wa mfugaji, nyumba ya wageni na kisima cha kijiji, vyote hunywa maji yale yale. Maji ya Qang'dend na chemchemi nyingine huanzia kwenye mvua inayonyesha katika nyanda za juu za Ngorongoro na Oldeani, ikanywewa na msitu, ikapita chini ya ardhi, kisha ikatokea bondeni. Matawi ni mengi, lakini shina ni moja. Mti wa namna hiyo haulindwi kwa kuongeza matawi.

Fundisho liko karibu. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa upande wa kaskazini, kulikuwa na wakulima stadi waliojenga mifereji na kuta za mawe kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Walimwagilia eneo la hekta kama 2,000. Kisha wakaondoka, wakaacha mawe. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni kupungua kwa maji. Ustadi haukuwaokoa.

Na yupo jirani ambaye hasara humfika kwanza. Kila jaruba jipya na kila kundi jipya la mifugo hupunguza pori la Mhadzabe, ambaye hana ghala wala benki nje ya pori hilo. Mwaka 2011, huko Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata hati ya kimila kwa zaidi ya hekta 20,000, na tangu hapo wamepata mapato kwa kuutunza msitu wao kupitia biashara ya kaboni. Riziki ya kale kuliko zote imeingia katika soko jipya kuliko yote, bila mti kukatwa.

Basi ukuaji wa uchumi wa Baray usipimwe kwa idadi ya malori pekee yanayopanda mlima kuelekea Karatu. Upimwe pia kwa zamu ya maji: je, aliye mwisho wa mfereji anafikiwa? Upimwe kwa miti iliyosimama kandokando ya chemchemi, na kwa nafasi ya aliyetangulia kuwapo. Watakaoadhimisha miaka mia ijayo huenda wakaishi kwa kazi ambazo leo hazina jina. Maji watayahitaji vile vile.