Godoro la Kitanda cha Kambi: Pima Kabla ya Kulipa



Wengi wetu tukishanunua kitanda cha kukunja cha turubai kwa ajili ya kambi, hutafuta godoro la kutandika juu yake kwa kutazama unene peke yake. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba unene hautoshi kuwa kipimo.

Jambo la kwanza ni baridi. Kitanda hicho kimeinuka kutoka ardhini, hivyo upepo hupita chini ya turubai na kuchukua joto la mwili. Mfuko wa kulalia hausaidii sana upande wa chini, kwa kuwa uzito wa mwili huubana. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio katika kimo cha mita 2,300 hivi, godoro la kujaza upepo lisilo na sponji wala nyuzi ndani laweza kumwacha mtu akitetemeka, lingawa nene, kwa sababu hewa iliyomo huzunguka na kuhamisha joto. Magodoro mengi ya kambi huandikwa thamani ya R: namba ikiwa kubwa, joto huhifadhiwa zaidi. Ukitandika mawili, thamani zake hujumlishwa. Pwani kwenye joto, thamani ndogo yatosha.

Jambo la pili ni ubora wa sponji. Sponji nyepesi huvutia dukani, lakini hubonyea upesi. Kipimo chake ni densiti, yaani kilo kwa kila mita moja ya ujazo, nacho mwaweza kukihakiki kwa mizani. Chukua godoro la sentimita 190 kwa 70, lenye unene wa sentimita 5. Bila kitambaa chake, likiwa na kilo 1, densiti ni 15 hivi. Likiwa na kilo 2, ni 30 hivi. Muuzaji akidai 30 na mizani ikaonyesha kilo 1, maelezo yake si ya kweli. Hata hivyo, uzito pekee usiwahadae, maana sponji yaweza kuongezewa unga wa chokaa. Lilalieni kwa ubavu: mkigusa turubai au chuma, halifai.

Jambo la tatu ni vipimo vya kitanda. Pimeni upana kati ya vyuma viwili vya pembeni. Godoro pana kupita hapo hukunjika kingo na kuteleza usiku.

Mwisho, daini risiti yenye vipimo na densiti mliyoambiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na risiti ya namna hiyo ndiyo ushahidi wenu mtakapolalamika. Mwenye futi, mizani na risiti hauziwi maneno.